Vazi la Mawe ya Kijani

Woga ulinianza uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na sababu yake niliijua vizuri. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili na kidogo, na mbili zilizoitangulia zilitoka kabla hazijafika mitatu. Mume wangu alijua, na mama yake alijua. Mama mkwe sikumwambia mimi. Aliniona tu asubuhi moja nikitema mate nje ya jiko, akaacha kuchambua mchele, akasema basi safari ya China haipo tena. Nikamjibu kwamba magauni ya watoto ya Idi hayaji Kariakoo yenyewe kwa miguu. Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu akaniletea kipande cha mvuje alichokishonea ndani ya kitambaa cheusi, akanibania kwa pini ndani ya nguo karibu na kwapa, akanipa na masharti: nisiende msibani, nisitazame maiti, nisipite makaburini, na nisimwambie mtu yeyote mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

"Unakwenda nayo," akasema, "urudi nayo."

Mimi ni mtu wa kelele. Nimegombana na mawakala wa mizigo, na makuli wa bandarini, hata na afisa mmoja wa forodha ambaye mpaka leo akiniona huvuka barabara. Lakini maneno yale manne yalinikaa kifuani, na mvuje ukanuka njia nzima mpaka abiria wa pembeni yangu akaomba kuhamishwa kiti. Nilijua ikitoka safari hii hakuna atakayesema ni mipango ya Mungu. Watasema ni China, na mimi ndiye niliyeifuata China.

Guangzhou nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa miaka ile ambayo ukikaa miezi sita bila kwenda, ukirudi unakuta ghorofa mahali ulipoacha kibanda. Nguo za watoto nilizichukua Zhanqian Road, karibu na stesheni ya treni, kwa mwanamke mmoja mwenye duka dogo ghorofa ya tatu. Wenye maduka wote tuliwaita laoban, maana yake bosi, na yeye nilimwita hivyo hivyo. Yeye aliniita dada, neno aliloliokota kwa wateja wa Kitanzania pamoja na pole, ghali na haraka. Tuliongea kwa kalkuleta, kwa vidole, kwa Kiingereza cha biashara kilichovunjika pande zote mbili, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na mawifi zangu. Alinizidi umri kidogo. Juu ya meza yake alikuwa na picha ya mwanawe wa kiume akiwa na skafu nyekundu ya shule.

Magauni yangu yalikuwa yanashonwa kwenye karakana yake kule Kangle, ng'ambo ya mto, na mwaka ule viwanda vilikuwa kwenye mgao wa umeme. Sisi tuliotoka Dar tulicheka sana kukuta mgao hata kwa Wachina. Kila karakana ilikuwa na siku yake ya kuzima mashine. Siku ya karakana yangu ilipofika, laoban alikuja hotelini kwangu asubuhi, amevaa viatu vizuri na koti jepesi ingawa hakukuwa na baridi, akanionyesha ramani ya jiji, ile inayouzwa kwa wageni. Leo hakuna kazi, leo ananitembeza. Nilitaka kulala. Lakini mwenyeji amefunga duka lake kwa ajili yako, utamwambiaje kwamba unataka kulala, bila kumwambia kwa nini?

Tulianza Beijing Road, mtaa wa maduka ambako katikati ya njia wamechimba wakafunika kwa vioo, na chini ya vioo unaona barabara za zamani, moja juu ya nyingine, kila utawala umejenga yake juu ya ile ya waliotangulia. Watu walipita juu ya vioo na mifuko yao ya manunuzi kama hakuna kitu. Mimi nilikataa. Nilitazama lile shimo na mawe yake yaliyolika, nikazunguka kwa ukingoni nimeshika kwapa upande wa mvuje. Laoban naye hakukanyaga kioo. Nilidhani ananifuata kwa adabu.

Kisha akanipeleka kwenye msikiti wa kale, ule wenye mnara mweupe wa mviringo, wanaosema ulijengwa na Waarabu waliokuja kwa biashara karne nyingi kabla yetu. Alinisubiri langoni. Ndani kulikuwa na miti na kivuli, wazee wachache wa Kichina wenye kofia, na utulivu ambao sikuutegemea katikati ya jiji lile. Niliswali adhuhuri yangu ya msafiri, nikaomba jambo moja tu, nikatoka nikiwa na nafuu. Laiti ningesema turudi hotelini saa ile.

Badala yake nilimkuta laoban ameikunjua ramani juu ya magoti yake, na pembezoni mwa ramani palikuwa na picha ndogo za vivutio. Picha moja ilinivuta. Ilikuwa vazi, tena vazi zima kutoka kichwani hadi miguuni, la vipande vidogo vya mawe ya kijani kibichi, vimeunganishwa kwa uzi mwekundu. Niliishika ramani nikaisogeza machoni. Mtu wa nguo ni mtu wa nguo, hata akiwa na hofu gani. Niliona jinsi vipande vilivyokatwa kufuata bega, jinsi mikono ilivyofungwa kama glavu, nikajiambia fundi aliyeshona kitu hiki lazima nikaione kazi yake kwa macho. Nilidhani ni vazi la ngoma, au la mfalme siku ya kutawazwa. Nikaweka kidole juu ya picha.

Laoban aliitazama picha, akanitazama mimi. "Hii?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Dada, hii?" na safari hii alitazama pembeni. Kwa miaka yote ya biashara yetu, laoban akitazama pembeni ilikuwa na maana kwamba ukikaza kidogo atakubali. Nikakaza. Nilimshika mkono, nikacheka, nikasema hii, hii, haraka. Akakunja ramani, akasimamisha teksi.

Jengo lilikuwa la mawe mekundu, si mbali na upande wa stesheni tunakonunua nguo. Nimelipita mara nyingi bila kuliuliza. Laoban alikata tiketi, tukapanda ngazi ndefu, tukatokea juu ya kilima, na njia ikatupeleka kwenye shimo lililozungushiwa ukuta. Nilidhani vazi limehifadhiwa chini, kama sisi tunavyohifadhi mali ghalani. Ngazi zilishuka. Mlango ulikuwa wa mabamba ya mawe, mfupi, ikabidi niiname. Ndani kulikuwa na chumba kidogo chenye michoro ya mawingu mekundu na meusi kwenye mawe, hewa nzito, taa hafifu. Chumba kilichofuata kulikuwa na kibao chenye maandishi ya Kiingereza, na mimi kusoma Kiingereza ni polepole, neno baada ya neno. Nilipofika kwenye neno kaburi nilikuwa tayari nimo ndani yake.

Nilisoma tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Hapa ndipo alipolazwa mfalme wa zamani wa nchi hiyo, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na alilazwa amevishwa lile vazi la mawe. Ilikuwa sanda. Nilikuwa nimeisifia sanda, nimeicheka, nimemshika mtu mkono na kumvuta aje anionyeshe sanda.

Kibao hakikuishia hapo. Mfalme hakuzikwa peke yake. Chumba cha upande mmoja waliwekwa wapishi na watumishi wake, na cha upande wa mashariki, ambacho nilikuwa nimeegemea ukuta wake, waliwekwa wake zake, waliouawa ili wamfuate. Niliuondoa mgongo kwenye jiwe kana kwamba limenichoma. Mikono yote miwili ilikwenda tumboni yenyewe. Niliwatolea salamu watu wa makaburini kama tulivyofundishwa, kwa sauti ya chini, kisha nikakumbuka kwamba hawa si Waislamu, kisha nikaogopa kwamba nimewaudhi kwa kusitasita. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, aya ninayoisoma tangu nina miaka sita, na katikati ikanipotea. Sijawahi kuogopa hivyo, si kabla wala baada. Niliona wazi kabisa kwamba mmoja wa wale wanawake ametazama tumbo langu.

Nikageuka kutoka. Mlango ulikuwa umejaa. Kundi la wazee wenye kofia za njano lilikuwa linashuka na kiongozi wao mwenye kipaza sauti, na kila walipoingia wawili tulisukumwa nyuma hatua moja, kuelekea pale alipolazwa mfalme. Nilimtafuta laoban. Alikuwa pembe ya chumba, uso umetoka jasho, midomo inakwenda, na mkono mmoja ameuingiza ndani ya koti. Alikuwa ananitazama. Nilidhani ana hasira nami. Nilimshika mkono wa pili nikamvuta, nikatumia viwiko, nikawapiga vikumbo wazee wa watu bila haya, mpaka tukatoka juani.

Laoban alifika kwenye nyasi akapiga magoti akatapika. Nilimshika paji la uso. Alipomaliza alitema mate, akatema tena, akashika kiuno kwa nyuma kwa kiganja kizima, na mimi nikaona kile alichokiona mama mkwe nje ya jiko. Koti pasipo baridi. Kioo asichokikanyaga. Nikamwonyesha tumbo lake kwa kidole. Akanidaka kidole haraka, akakifunika kwa viganja vyake, akatazama huku na huku kama yuko mtu atakayesikia. Alikuwa tayari na yule mtoto mmoja wa kwenye picha, na wa pili, kwa sheria yao ya wakati ule, hakuwa na ruhusa ya kumzaa. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu mwingine, ambao tangu shimoni ulikuwa bado haujabanduka tumboni.

Tulikaa pale kwenye nyasi tukitazamana. Kwa ishara na maneno yetu machache nilifahamu kwamba kwao nako ni vile vile: mjamzito haendi kaburini, na mimba haisemwi kabla ya miezi mitatu. Aliingia kwa sababu mgeni wake alitaka. Mimi niliingia kwa sababu mwenyeji alinipeleka. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nasi tulikuwa wawili, kila mmoja ameficha wake, na tumeshikana mikono tukashuka pamoja. Alinigombeza kwa Kichina, na mimi nikamgombeza kwa Kiswahili, na nadhani tulikuwa tunasema kitu kimoja. Akatoa kibonge cha uzi mwekundu mkobani, kinga ya kwao, akakata kwa meno, akanifunga kifundoni mwa mkono, akajifunga na yeye. Fundo lake likamshinda kwa mkono mmoja, nikamfungia mimi.

Vazi lenyewe sikuliona. Lilikuwa kwenye jumba la maonyesho upande wa pili na hakuna aliyelitaja tena.

Nilipofika hotelini niliona damu. Haikuwa nyingi, doa tu, lakini mbili za mwanzo nazo zilianza na doa. Nililala chali nimeinua miguu juu ya bando la nguo za sampuli, sikusogea. Nilimwogopa Mungu, nikawaogopa wale wanawake wa chumba cha mashariki, na zaidi ya wote, nakiri, nilimwogopa mama mkwe. Nilitunga maneno ya kumwambia nikayafuta. Kila nilichotunga kiliishia kwenye swali lake moja: ulikwenda kufanya nini kaburini?

Asubuhi laoban alikuja na mayai ya kuchemsha na tende nyekundu za kwao, kwa kuwa alijua nyama yao siigusi. Aliniangalia uso tu akaelewa. Akanipeleka hospitali kwa teksi, akijibu maswali yote kwa niaba yangu. Walinipaka mafuta ya baridi tumboni, daktari akasogeza kifaa chake huku na huku kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari nzima ya ndege. Kisha akaugeuza mtambo tuone. Palikuwa na kitu kidogo sana, na ndani yake kitu kidogo zaidi kinapiga, kinapiga. Nililia kwa kwikwi kama mtoto. Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba damu kama hiyo hutokea, nilale siku kadhaa, nisibebe mizigo.

Laoban alikuwa amesimama ukutani. Aliutazama ule mtambo muda mrefu baada ya mimi kuacha kuutazama. Nilimwonyesha kitanda, nikampa ishara alale naye apimwe. Akatikisa kichwa, akalivuta koti lake akafunga vifungo. Wangemwuliza karatasi ya ruhusa ya kuzaa, na hakuwa nayo.

Magauni yalikwisha, nikayasafirisha, nikarudi nyumbani nayo. Mama mkwe alinipapasa tumbo pale pale mlangoni kabla hajanipa pole ya safari. Habari ya kaburi sikumwambia na hajui mpaka leo. Miezi ikapita kwa woga, mmoja mmoja, na nikazaa binti, mzima, mwenye sauti kubwa kama yangu.

Alipofika miezi mitano nikafunga tena safari ya mzigo wa Idi. Mama mkwe alisema mengi kuhusu mwanamke anayeacha kichanga kwa maziwa ya kopo, mengine ya kweli. Sababu niliyompa ilikuwa biashara. Sababu nyingine ilikuwa kwenye mkoba wangu: picha ya mtoto amevaa gauni la njano, na doti ya kanga ya kumpa laoban. Nilikuwa nimejipangia hata jinsi nitakavyoingia, kwamba nitaiweka picha juu ya meza yake karibu na ile ya mwanawe, nisiseme kitu.

Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu nikihema kwa furaha. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake anakunja suruali za watoto. Aliponiona alisimama, na mimi, kabla ya salamu, nikatazama nyuma ya meza, chini, pembeni, kama kuna kitanda kidogo au mtoto mgongoni mwa mtu. Aliona nilichokuwa natafuta.

"Meiyou," akasema. Hakuna. Ndilo neno walilokuwa wakituambia sokoni kila siku saizi inapokuwa imekwisha. Akagusa tumbo, akaonyesha vidole vinne: ilifika miezi minne tu.

Nilisimama na mkoba wangu, na maziwa yalikuwa yamenijaa tangu asubuhi, yakaanza kutoka yenyewe, nikayahisi yakilowesha vitambaa na kuteremka hadi kiunoni. Baibui ni jeusi, hayakuonekana. Laoban akanyoosha mikono yake, akaifanya kama anayebembeleza.

"Dada," akauliza. "Wako?"

Ni mimi niliyeweka kidole kwenye picha ile. Ni mimi niliyekaza. Kuitoa picha ya binti yangu mbele ya uso ule, mwenye gauni la njano na mashavu, sikuweza. Niliogopa huzuni yake, na niliogopa pia jicho lake, nalisema hili kwa aibu, kwa sababu husuda ya mwenye uchungu kwetu huogopwa kuliko ya adui. Nikatikisa kichwa. Hapana.

Nilidhani nimempunguzia. Nilidhani tutakuwa sawa, wawili tuliopoteza, na wawili hubeba mzigo kuliko mmoja. Lakini laoban alifunika mdomo, akazunguka meza, akanishika mikono miwili na kuinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa vidole vyangu. "Pole, dada," akasema. Akajigonga kifua kwa ngumi. "Mimi. Mimi." Alikuwa anasema ni yeye. Ni yeye aliyenipeleka, ni yeye aliyekata tiketi. Alikuwa amebeba wake peke yake mwaka mzima, na sasa nilimwongezea wangu, aliye hai.

Ningeweza kusema pale pale. Nilimwachia ile doti ya kanga juu ya suruali, nikashuka ngazi karibu kwa kukimbia.

Huko chini ndipo nilipofahamu nilichokifanya kingine. Nilikuwa nimeulizwa habari za mwanangu nikasema hayupo. Nilikuwa nimemtamkia kifo, kwa kichwa changu mwenyewe, kwa hiari. Nikaingia duka la kwanza la kupiga simu, nikabonyeza namba ya nyumbani nikakosea, nikabonyeza tena. Huku alasiri, kule saa tano asubuhi. Mama mkwe akapokea, akauliza kama nimefika salama, nikamkatiza nikauliza mtoto yuko wapi.

"Amelala," akasema. "Ameshiba, amelala."

Nikamwambia amwamshe. Akasema mtoto aliyelala haamshwi, una nini wewe, umeota vibaya? Nikamwambia mama, nakuomba, mwamshe, nimsikie. Nililia kwenye simu ya watu, mwenye duka akageuka kutazama ukuta. Kisha nikasikia ndara za mama mkwe zikiburuta sakafuni, mlango, neti ikifunuliwa, jina la binti yangu likiitwa mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu akaanza kulia, kwa hasira ya mtu aliyekatiziwa usingizi, na nikamsikiliza mpaka dakika za kadi zikaisha.

Nilikuwa na siku nne zaidi Guangzhou, na duka la laoban lilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka pale. Magauni ya Idi mwaka ule nilinunua kwa mtu mwingine.